Draivini ya Msasani, Kutoka Juu ya Mwembe

Asubuhi moja ya mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kwenye usaili wa viza katika Ubalozi wa Marekani pale Msasani, na kwa kuwa msindikizaji hana kazi ndani, nilibaki ng'ambo ya barabara nikimngoja huku nikiutazama ule ukuta. Alipotoka alinikuta nimesimama palepale, uso nimeuelekeza kulekule, akaniuliza, "Mjomba, muda wote huo unaangalia nini?" Nikamjibu kwamba naangalia mahali ilipokuwa skrini. Hakuelewa, wala sikumlaumu. Amezaliwa mwaka 2003, mwaka uleule ubalozi huo ulipofunguliwa, na kwake yeye kiwanja kile hakijawahi kuwa kitu kingine.

Kabla ya ubalozi pale palikuwa na sinema ya magari. Sisi wa Msasani tuliiita Draivini, kwa neno moja, kama mtu anavyosema Magomeni au Manzese, na wengi wetu tulishakuwa watu wazima tulipong'amua kwamba lile lilikuwa neno la Kiingereza lenye maana yake. Ilikuwa uwanja mkubwa wa wazi, mbele umesimamishwa skrini nyeupe iliyoonekana mchana kama ukuta wa nyumba ambayo fundi ameikimbia, na ardhi yake imefinyangwa matuta yaliyopinda nusu duara, tuta nyuma ya tuta, kila moja likiwa na safu ya nguzo fupi. Mwenye gari alilipa getini, akaingia, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya tuta ili pua ya gari iinuke, akachukua spika iliyotundikwa kwenye nguzo, akaipachika kwenye kioo cha dirisha, kisha akatazama picha yake bila kushuka. Ilifunguliwa mwaka 1966 na ilikuwa mali ya umma, jambo nitakalolirudia mbele kwa sababu lina utamu wake.

Niseme mapema kwamba sikuwahi kuwa mteja wa Draivini. Nyumbani kwetu Msasani kijijini chombo cha usafiri kilikuwa ngalawa ya baba, na ngalawa haipandi tuta. Sisi tuliitazama sinema kutoka juu ya mwembe uliokuwa nje ya uzio, upande ambao skrini ilielekea, mwembe mkongwe wenye matawi manene yaliyolala kama mabenchi. Tulikuwa tukitoka kijijini mara baada ya magharibi, tunakatiza Bonde la Mpunga kwa njia ya tuta la jaruba, viatu mkononi kwa wenye viatu, na kufika pale tukagombea tawi. Wakubwa walikaa juu kwa sababu kule skrini ilionekana yote. Wadogo walikaa chini na kutazama nusu ya picha, vichwa vya watu vikiwa vimekatwa na jani. Mimi nilianza chini. Kwa miaka miwili ya mwanzo niliwajua waigizaji wa Kihindi kwa viatu vyao.

Tatizo halikuwa hilo la majani. Tatizo lilikuwa kwamba hatukusikia kitu. Spika zilikuwa ndani ya magari, nasi tulikuwa juu ya mti.

Nilipokuja kusoma habari za sinema hizi baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ukimya wetu ulikuwa na historia yake, tena ya mbali. Aliyeanzisha sinema ya magari ni Mmarekani mmoja, Richard Hollingshead, ambaye alianza majaribio nyumbani kwake kwa kuweka projekta juu ya boneti ya gari, shuka kati ya miti na redio nyuma ya shuka. Ndiye aliyebuni ujanja wa matuta: aligundua kwamba gari likiinuliwa mbele kidogo, dereva ataona juu ya paa la gari lililo mbele yake, na kwa ujanja huo akapewa hataza mwezi Mei 1933. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo akafungua uwanja wake karibu na Camden, New Jersey, wenye nafasi ya magari takriban 400. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vikubwa vilivyofungwa penye skrini. Walio nyuma walisikia kwa shida, lakini majirani wasiolipa hata senti walisikia vizuri mno, wakalalamika. Katika miaka ya 1940 kampuni ya RCA ikaja na dawa, yaani spika ndogo, moja kwa kila gari, yenye kitufe chake cha kuongeza na kupunguza sauti. Majirani wa New Jersey wakapata usingizi. Mimi nadhani hakuna aliyefikiria siku ile kwamba robo karne baadaye, upande wa pili wa dunia, dawa hiyohiyo ingewaziba masikio watoto wa wavuvi walio juu ya mwembe.

Kwa hiyo tulijitengenezea sauti. Pale mtini palikuwa na kijana mmoja aliyetuzidi umri, msaidizi katika duka la nguo la Mhindi huko Kariakoo, ambaye alidai anajua Kihindi. Leo nafahamu kwamba alijua maneno kama kumi, pamoja na bei. Lakini tawi la juu kabisa lilikuwa lake bila ugomvi, kwa sababu yeye ndiye aliyetutafsiria, na alitafsiri bila kusikia. Midomo ilipofunguka kwenye skrini naye akafungua wake. Mama mwenye sari nyeupe akimshika kijana bega, yeye alisema kwa sauti nyembamba, "Mwanangu, huyo unayetaka kumuua ni ndugu yako wa damu, mlipotezana siku ya gharika." Adui akicheka, alicheka naye, na aliichelewesha kicheko chake kidogo ili tupate kuogopa. Steringi alipopigana, alitoa milio ya ngumi kwa kupiga kiganja kwenye paja. Nyimbo hazikumpa taabu, kwa kuwa nyingi tulishazizoea kutoka kwenye redio na kwenye harusi, na mara tu wacheza ngoma walipojipanga mlimani, mwembe mzima ulianza kuimba wimbo wowote ambao tulikubaliana kwamba unafanana na ile minenguo. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi hadithi yake ilikuwa sahihi. Picha za Kihindi za miaka ile zilijaa ndugu waliopotezana utotoni, na mtu aliyebashiri kwamba adui na steringi ni tumbo moja hakukosea sana.

Ukiwa juu pale, picha haikuwa kitu pekee cha kutazama. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, jua lake linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na kwa biashara ya sinema ya wazi hiyo ni neema ambayo Wamarekani hawakuipata. Kwao wakati wa kiangazi ilibidi kungoja mpaka saa tatu usiku giza liingie, na wakati wa baridi wengi walifunga kabisa. Kwetu giza lilifika kwa saa. Magari yalianza kuingia mwanga ukiwa bado haujafa, na tuliyataja kwa majina kama watoto wa leo wanavyotaja wachezaji wa mpira: Peugeot 404, Volkswagen kobe, Morris Minor, Ford Anglia, Datsun. Halafu mwale wa projekta ulifunguka juu ya paa za magari, mrefu, mweupe, na wadudu wote wa Bonde la Mpunga wakaingia ndani yake kucheza. Popo nao wakawafuata. Kuna usiku ambao picha ilikuwa mbaya, nasi tukatazama popo.

Jumapili ilikuwa siku ya familia za Kihindi, na hizo hazikuja kuangalia sinema peke yake. Walifika mapema na mikeka, wakaitandika kando ya magari, wakafungua masufuria. Gari moja dogo lilishusha bibi, babu, wajomba, wakwe na watoto mpaka ukashangaa walikaaje. Kulikuwa na kachori, bajia, sambusa, mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya unga, chai kwenye chupa, na watoto waliotembea kutoka mkeka huu hadi ule wakisalimia na kulishwa. Upepo wa baharini ulipovuma kuja kwetu ulileta harufu ya zile bajia moja kwa moja hadi kwenye matawi. Naweza kusamehe ukimya. Ile harufu sijaisamehe mpaka leo.

Mbu nao walikula chakula chao cha jioni papo hapo. Joto la Dar halikuruhusu mtu kufunga vioo, na wenye magari walijipaka mafuta ya kuzuia mbu au kuweka dawa ya kuwasha kwenye dashibodi, moshi ukatoka madirishani kama kwamba kila gari lina mganga ndani. Masika yalipofika, mwezi wa tatu hadi wa tano, picha ilitazamwa kupitia waipa. Sisi mvua ikinyesha tuliteremka, maana gome la mwembe likilowa halina urafiki.

Draivini ilitupa pia kipato, na hapa ndipo nilipojua kwamba sinema ya magari ni biashara ya betri vilevile. Mtu anakaa saa tatu, na picha ya Kihindi ya wakati ule haikuwa chini ya hapo, ameacha taa ndogo zinawaka au anasikiliza redio wakati wa hafu taimu, na picha ikiisha gari linakohoa tu. Sisi tulishateremka mtini na kujipanga karibu na njia ya kutokea. "Sukuma, vijana!" Tulisukuma. Injini iliposhika, mwenye gari alisimama mbali kidogo bila kuizima, akanyoosha mkono dirishani, na mkononi mlikuwa na senti ishirini yenye mbuni, au, kwa mwungwana, sumuni yenye sungura. Sarafu hizo zilikuwa na umri sawa na Draivini, kwani mwaka huohuo wa 1966 ndipo Tanzania ilipoanza kutumia shilingi yake yenyewe. Niliwahi kusukuma gari ambalo dereva wake alisahau kurudisha spika. Alipoondoka waya ulikatika, naye akaenda zake mpaka barabarani na kile chuma kikining'inia mlangoni kama kengele ya ng'ombe. Mlinzi alimkimbilia akipiga filimbi. Sumuni yetu ilipotea kwenye vurugu hiyo.

Niliingia ndani mara moja tu, mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili. Jirani yetu alikuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja, na jioni hiyo alikuwa nayo kwa ruhusa ambayo sikuiuliza. Watu wazima watatu walikaa mbele na kulipiwa. Sisi watoto wanne tulilala nyuma chini ya turubai lililonuka samaki, tukazamia. Nakumbuka tochi ya mlinzi ikipita juu ya turubai, ile nuru ya kijani ikitembea kutoka miguuni hadi usoni, na mwenzangu mmoja akanibana mkono kwa nguvu kiasi kwamba alama ilikaa siku mbili.

Gari lilipopanda tuta, tukafunuliwa. Kitu cha kwanza nilichokitaka hakikuwa skrini, niliyoizoea. Nilitaka spika. Jirani akaishusha nguzoni na kunipa niishike kabla ya kuipachika: kipande cha chuma cha kijivu, kizito kuliko nilivyodhani, ukubwa wa nusu tofali, nyuma kina ndoano, mbele kina matundu yaliyoanza kula kutu kwa hewa ya chumvi, na chini kitufe kimoja kilichozunguka kwa kukwaruza. Waya wake ulijikunja kama mkia wa nguruwe. Nikakizungusha kile kitufe, na miaka yote ya ukimya ikakatika.

Ilitoka sauti ya mtu mwenye mafua. Ilikuwa nyembamba, ya puani, yenye mchanga ndani yake, kama redio iliyo kwa fundi ikingoja spea. Yule steringi niliyemjua, aliyenguruma juu ya mwembe kwa kifua kizima cha msaidizi wa duka, kumbe huongea hivi. Nilitazama skrini, nikatazama kile chuma, nikashindwa kuamini kwamba sauti ile ni ya mdomo ule. Nilivunjika moyo kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu wenzangu watatu walikuwa wamefurahi mno.

Kilichoniokoa ni hafu taimu. Nilitumwa sigara kwenye kibanda kilichokuwa katikati ya uwanja, na nikarudi picha ikiwa imeshaanza tena. Nilipokuwa natembea gizani katikati ya magari niligundua kwamba siachani na maneno hata kwa hatua moja. Madirisha yote yalikuwa wazi, na kila dirisha lilikuwa na kile kichuma kikisema neno lilelile kwa wakati uleule. Kikiwa kimoja kilikuwa na mafua, lakini vikiwa mamia vilifanya uvumi mzito kama nyuki katika mzinga wenye lugha, ukitoka ardhini, ukinizunguka pande zote. Mwanamke akaanza kuimba. Nikasimama. Sigara ya watu ikachelewa, na nilizabwa kofi kwa ajili hiyo, lakini kama ningeulizwa Draivini ilikuwa na sauti gani ningejibu kwamba ni ile, sauti ya mtu aliye kati ya magari, asiye na gari.

Sasa nirudi kwenye lile suala la mali ya umma. Draivini ilifunguliwa mwaka 1966, na tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Kwa hiyo nchi ya ujamaa, ambayo raia wake wengi hawakuwa hata na baiskeli, ilikuwa na sinema iliyojengwa kwa kumfikiria mwenye gari, tena katika Msasani ambako Mwalimu mwenyewe alikuwa na nyumba yake. Wako wanaoicheka habari hii kama kichekesho cha siasa. Mimi siicheki sana. Watu walioijenga hawakuwa wanafikiria Tanzania ilivyo bali walivyotaka iwe, na katika ndoto ya wakati ule, ujamaa na Peugeot havikugombana. Ilidhaniwa kwamba magari yangetufikia wote, zamu kwa zamu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, kwa hiyo skrini ile ilikuwa pia dirisha la kutazamia dunia. Ninachokiona kuwa kasoro ni kidogo zaidi na kiko karibu zaidi: kwamba magari yenye namba za SU, ya mashirika ya umma, yalipanda matuta yale usiku kana kwamba kuna mkutano, na sisi tuliyasukuma kwa sumuni kama tulivyosukuma ya watu binafsi.

Kifo cha Draivini hakikuwa cha siku moja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi za Dar es Salaam zikafungasha kwenda Uingereza na Kanada. Mikeka ya Jumapili ikapungua. Tuliona kwa macho yetu kutoka juu, safu za nyuma zikianza kuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Kisha mafuta. Bei ya petroli ilipopanda baada ya mwaka 1973 na nchi ikaishiwa fedha za kigeni, ikaja amri ya kuzuia magari binafsi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hebu fikiria amri hiyo juu ya sinema ambayo tiketi yake ya kwanza ni gari na siku yake kubwa ni Jumapili. Sinema za mjini, Avalon, Empire, Empress, zilipungukiwa na picha mpya kama Draivini, kwa kuwa uagizaji wa filamu ulikuwa umewekwa chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, na fedha za kuagizia hazikuwepo. Lakini mtu wa Avalon aliweza kwenda kwa miguu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza kilichobaki mfukoni. Spea za magari zikawa hadithi. Katika miaka ya 1980 zikaingia mashine za video, mtu akakaa sebuleni kwake na kaseti tatu, mbu wakiwa nje ya wavu.

Nairobi nako zilikuwapo, Belle Vue kando ya Barabara ya Mombasa na Fox kwenye Barabara ya Thika, na zote mbili zimekwenda njia hiyohiyo, ila makondakta wa matatu wamekuwa wahifadhi wazuri wa historia kuliko sisi: bado watu wanashuka Bellevue.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay, wakati uleule na lile la Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nilikuwa kazini katikati ya mji, na kishindo chake nilikichukulia kuwa cha tairi la lori. Baada ya siku ile Wamarekani walihitaji kiwanja kingine, na si kiwanja chochote. Kanuni zao za ujenzi wa balozi, zilizotokana na mashambulizi ya miaka ya 1980, zilitaka jengo likae angalau mita 30 kutoka kwenye ukuta wake, ili gari lenye mlipuko lisiweze kulikaribia. Katika mji uliokwisha kubanana, ni nani alikuwa na uwanja mpana kiasi hicho, mtupu, ulio mikononi mwa mmiliki mmoja, kando ya barabara kubwa? Kumbe nafasi iliyotengwa mwaka 1966 ili magari yakaribie ndiyo iliyofaa miaka ile ili magari yasikaribie. Matuta yakasawazishwa, skrini ikaondolewa, ukuta ukapanda. Mwembe wetu ulikuwa umeshakatwa kabla ya hapo, wala si na Mmarekani. Aliukata mtu wa kwetu kwa ajili ya mkaa.

Yule mkalimani wetu nilimkuta baadaye akiwa kondakta wa basi la UDA, lile Ikarusi refu tuliloliita kumbakumba, akitangaza vituo kwa sauti ileile ya steringi. Kama angechelewa kuzaliwa miaka kumi na mitano angepata kazi inayomfaa, kwa sababu vibanda vya video vilipoenea uswahilini, wakatokea watu waliokaa na kipaza sauti na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye picha, na mmoja wao, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, akawa na jina kubwa kuliko waigizaji aliowatafsiria. Watafiti wameandika juu yao, na ni haki yao. Ila mimi nikisoma kwamba ufundi ule ulikuja na kaseti za video, huwa najiwa na kicheko, kwa sababu niliusikia juu ya mti miaka mingi kabla, na mkalimani wetu hakuwa hata na sauti ya kumsaidia.

Siku ile tuliporudi kutoka ubalozini tulikwenda kula kwa dada yangu. Mpwa wangu, ambaye habari ya mwembe ilikuwa imemkaa, aliniuliza kama naikumbuka picha yoyote ya wakati ule, nikamtajia moja kwa kumweleza visa vyake, maana jina lake sikuwahi kulijua. Aliitafuta kwenye simu, akabahatisha mara tatu, ya nne ndiyo yenyewe, akaiunganisha na televisheni ya ukutani. Ilikuwa na maandishi chini yake. Dada alileta chai. Tukafika kwenye kile kipande, mama mwenye sari nyeupe anamshika kijana wake bega mlangoni, usiku, mvua inanyesha, na kabla sijajizuia nikajisikia nikisema kwa sauti nyembamba, "Mwanangu, huyo unayetaka kumuua ni ndugu yako wa damu."

Mpwa wangu akayasoma maandishi, akanigeukia. "Mjomba, hasemi hivyo. Anamwambia ale kwanza kabla hajatoka."

"Najua," nikamjibu, nikaendelea kutafsiri.